Umebadilishiwa vifaranga? Soma dalili kabla hujarudi dukani

Mfugaji wa Dar es Salaam akisema "nimebadilishiwa vifaranga," mara nyingi ana haki ya kukasirika, ila ni nadra awe na uhakika wa anachokasirikia. Anachokiona bandani ni kuku asiyefanana na yule aliyemtarajia. Sababu inaweza kuwa mbegu nyingine, jinsia nyingine, kizazi kisichofaa, umri uliofichwa, au malezi yake mwenyewe. Kila sababu ina wakati wake wa kujitokeza, na wakati huo ndio unaokusaidia kujua ipi ni ipi. Broila (kuku wa nyama) na jogoo wa mayai (dume la kuku wa mayai) hutofautiana ndani ya wiki moja. Kuroiler halisi, yaani chotara wa kiwandani, na mtoto wa Kuroiler wanaweza kukuchukua miezi mitatu kuwatofautisha, na kufikia hapo mwenye duka hata sura yako ameshaisahau.

Kwanza: uliagiza nini hasa?

"Nipe chotara mia." Ukiagiza hivyo katika duka la vyakula vya mifugo, iwe Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto, umemwachia muuzaji achague. Chotara kwa mazungumzo ya mjini ni Kuroiler, ni Sasso, ni Malawi, na pia ni kuku yeyote aliyezaliwa na jogoo wa kisasa na tetea wa kienyeji wa jirani. Akikupa yeyote kati ya hao, hajakudanganya.

Hao wana asili tofauti na tabia tofauti. Kuroiler alitengenezwa India na kampuni ya Kegg Farms kwa ajili ya kufugwa uani, akijitafutia sehemu ya chakula. Sasso ni wa Ufaransa. Anayeitwa Malawi ni Black Australorp, kuku wa Australia aliyepata jina hilo kwetu kwa kuwa alipitia nchi ya jirani. Kuku wa mayai wa rangi ya kahawia tunaowaita Lohmann, ISA au Bovans ni jamii nyingine kabisa. Hutaga karibu mayai 300 kwa mwaka wakilishwa vizuri, wakati Kuroiler ukipata 150 umefanikiwa. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba "chotara wangu hawatagi kila siku" huenda amepewa alichoomba. Aliomba kuku asiye sahihi kwa kazi yake.

Ikiwa mbegu uliitaja kwa jina na muuzaji akakubali, endelea na dalili.

Wa njano uliouziwa kama broila, wiki imepita na bado ni wepesi mkononi

Hapa ndipo penye udanganyifu mwingi, kwa sababu siku ya kwanza macho hayakusaidii. Kuku wa mayai wa kahawia wametengenezwa ili jinsia ionekane kwa rangi mara tu wanapoanguliwa: majike hutoka na rangi ya kahawia, madume hutoka njano iliyopauka. Kiwanda cha kutotolesha kinahitaji majike. Madume yanabaki, yanauzwa kwa bei ya chini sana, na kwa mtu asiye mzoefu kifaranga wa njano ni broila. Kuanzia hapo hesabu ni rahisi kwa mwenye nia mbaya.

Pima. Mzani mdogo wa jikoni unatosha. Chukua vifaranga kumi bila kuchagua, waweke pamoja kwenye bakuli, gawa kwa kumi. Broila wa siku moja huwa na gramu 40 hivi na jogoo wa mayai hapungukiwi sana na hapo, kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza hakitakuambia kitu zaidi ya kukupa pa kuanzia. Siku ya saba ndiyo hakimu. Broila aliyelelewa vizuri anakuwa ameongeza uzito wa kuanzia mara nne na zaidi, yaani gramu 160 hadi 200. Jogoo wa mayai wa umri huohuo yuko kwenye gramu 70 au 80. Pengo la namna hiyo halisababishwi na pumba mbaya peke yake.

Kama huna mzani, tazama miguu na mkao. Broila ana mguu mnene, kifua kipana, anakula kisha analala palepale pembeni ya chombo. Jogoo wa mayai ana miguu myembamba, anakimbia, anaruka juu ya chombo cha maji, na mabawa yake yana manyoya marefu mapema huku mwili ukibaki mdogo. Wiki ya tatu anaweza kuwa anajaribu kuruka ukuta wa bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga. Broila wa wiki tatu hana mpango huo.

Lakini hapa ndipo wengi wanapomkosea mwenye duka. Broila halisi naye hudumaa. Chakula chenye protini kidogo, joto lisilotosha usiku, maji yaliyoisha saa kumi alfajiri, vifaranga 200 kwenye eneo la 100: lolote kati ya hayo linakupa kundi jepesi. Tofauti iko kwenye ulinganifu. Mbegu ikiwa siyo, kundi zima ni dogo kwa usawa, wachangamfu, manyoya safi, wanakula na hawanenepi. Malezi yakiwa mabaya, kundi linapasuka: wachache wakubwa, wengi wa kati, na wengine wadogo wamejikunyata wakiwa wameshusha mabawa. Ukiona wakubwa wa gramu 180, wengi wa kati na wadogo wa gramu 90 kwenye bruda moja, hao ni broila na tatizo liko kwako au kwenye afya yao. Angalia joto kwanza. Wiki ya kwanza linatakiwa nyuzi 32 hadi 34 usawa wa mgongo wa kifaranga, halafu unashusha kama nyuzi tatu kila wiki. Dar ya Januari inakudanganya kwamba joto lipo. Upepo wa alfajiri ya Julai, hasa Kigamboni na Bunju karibu na bahari, unaua vifaranga wa watu waliozima taa mapema. Kinyesi chenye damu kwenye wiki ya tatu au ya nne nacho kinakwambia ni ugonjwa wa koksidiosisi, wala hakihusiani na mbegu.

Wapo pia waliochanganyiwa: nusu boksi broila, nusu madume ya mayai. Kundi hilo nalo halilingani, lakini mgawanyiko wake una sura yake. Unapata makundi mawili yaliyoachana, bila wa kati, na wadogo wana afya njema kabisa.

Uliuziwa majike matupu ya mayai, sasa kuna wanaowika

Hesabu kabla ya kupiga simu. Kutenganisha jinsia kwa rangi kuna usahihi mkubwa, lakini dume mmoja au wawili kwenye mia ni makosa ya kawaida ya mikono ya watu, na viwanda vingi huweka vifaranga wawili wa nyongeza kwenye boksi la 100 kufidia wanaokufa njiani. Ukiwa na majogoo kumi, hayo si makosa ya mkono.

Uliza walikuwa rangi gani siku ya kwanza. Ndiyo maana picha ya boksi lililofunguliwa ina thamani kuliko maneno yote utakayosema baadaye. Kama wanaowika walikuwa wa njano, muuzaji alijaziliza kwa madume, na wewe ulikuwa na nafasi ya kuona. Kama walikuwa wa kahawia kama wenzao, basi vifaranga hao hawakutoka kwa kuku wazazi wa kiwandani. Mtu alichukua mayai ya kuku wake wa mayai wa kawaida aliowachanganya na jogoo, akayaweka kwenye mashine yake ya kutotoleshea. Siri ya rangi hufanya kazi kizazi kimoja tu, baba mwekundu kwa mama mweupe. Watoto wao wakizaana, madume na majike hutoka wa rangi zote mbili na rangi haitofautishi tena jinsia. Majike ya kundi hilo nayo yatataga chini ya ulivyopanga, na biashara ya trei haitakulipa.

Kwa chotara ni suala tofauti. Kuroiler na Sasso kwa kawaida huuzwa mchanganyiko, na nusu kwa nusu ndiyo kawaida ya uumbaji. Ukipata majogoo 55 kati ya 100 hujaibiwa.

Boksi la chotara lina rangi zote za soko la Kariakoo

Ikiwa ni Kuroiler, tulia. Kuroiler hutoka weusi, wa kahawia, wa njano, wenye mistari ya mgongoni, wote kwenye boksi moja. La kukutia wasiwasi ni kinyume chake, boksi la "Kuroiler" ambalo vifaranga wote ni wa njano au wote wa kahawia. Hapo rudi kwenye mzani na dalili za mwanzo.

Sasso tunaowazoea huku wengi huelekea wekundu au kahawia, wakiwa na wachache wenye mistari. Boksi la Sasso lenye robo nzima ya weusi na madoadoa linastahili swali.

Malawi weusi wana tumbo jeupe

Wako sawa. Kifaranga wa Australorp huwa mweusi mgongoni, mweupe wa maziwa tumboni na kwenye ncha za mabawa. Weupe unaondoka manyoya ya kweli yanapoota. Kitu cha kutazama ni doa la weupe juu ya utosi. Kifaranga mweusi mwenye doa hilo hukua kuwa na mistari ya kijivu na nyeusi, na huyo si Malawi.

Shingo tupu, manyoya yaliyojikunja

Kuku wa shingo uchi huanguliwa akiwa na shingo uchi. Kwa hiyo ukikuta shingo tupu wiki ya sita kwa kuku aliyekuwa na manyoya, wenzake wanamdonoa au ana utitiri; punguza msongamano, ongeza vyombo vya chakula na ukague chini ya mabawa usiku. Manyoya yaliyojikunja kurudi nyuma hayaonekani siku ya kwanza kwa kuwa kifaranga ana malaika (manyoya laini ya kwanza) tu, yanajitokeza wiki ya pili au ya tatu. Kifaranga mmoja wa hivyo kwenye boksi la Sasso ameletwa na jogoo wa mtaani, na huyo jogoo huenda ana watoto wengine humo ambao hawana alama ya kuonekana. Sifa hiyo ikitoka kwa mzazi mmoja, kwa kawaida nusu ya watoto ndio huirithi, nusu nyingine hufanana na kuku wa kawaida.

Miezi mitatu imepita, chotara hawalingani na hawafiki kilo

Hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote kwa sababu unaigundua ukiwa umeshawalisha magunia. Umeletewa kizazi cha pili.

Kuroiler na Sasso ni zao la ukoo mmoja wa baba na ukoo mwingine wa mama, waliotunzwa mbalimbali kwa makusudi. Nguvu unayoiona kwa kifaranga wa kiwandani inatokana na kukutana kwa koo hizo. Ukimchukua Kuroiler wako dume ukampandishia Kuroiler wako jike, watoto hutawanyika. Mmoja anafanana na babu, mwingine na bibi, mwingine hafanani na yeyote. Wenye mashine ndogo za mayai 100 au 300 uani Chanika na Kivule wanalifanya hilo kila wiki, na wengine kwa nia njema kabisa; wanaamini mtoto wa Kuroiler ni Kuroiler. Wakala anawanunua kwa bei nafuu na kuwapanga pamoja na wa kiwandani.

Dalili zake ni tatu na zinatakiwa zije pamoja. Uzito unatofautiana kupita kiasi hata baada ya kuondoa ugonjwa na msongamano. Maumbo yanatofautiana pia: wengine wana miguu mirefu, wengine wafupi wanene, upanga wa kichwani wa huyu umesimama na wa yule umelala kama ua. Na baadaye majike kadhaa yanaanza kutamia. Hilo la mwisho lina uzito, kwa kuwa kuku hawa wa kisasa wamepunguziwa sana hamu ya kutamia. Ukiona matetea wengi wa "Kuroiler" wamevimba juu ya mayai na kukutukana ukisogea, kuna damu ya kienyeji humo. Kwa mfugaji wa kijijini hiyo ni neema. Kwako uliyepanga mayai ya biashara ni mayai yanayopotea kila mwezi.

Kabla ya kuhukumu, jiulize pia uliwalisha nini. Chotara husifiwa kwa kujitafutia, na sifa hiyo imewaponza wengi. Banda la Kimara lenye uzio wa bati hakuna cha kujitafutia humo. Jogoo wa Kuroiler aliyelishwa sawasawa huvuka kilo 2 kabla au karibu na miezi minne. Akilishwa pumba na maganda ya viazi kutoka kibanda cha chipsi, atakuwa na mwili wa kienyeji hata kama hati zake zote ni halali.

Kuchi ambaye si kuchi

Kwa kifaranga wa siku moja hakuna njia ya uhakika, na yeyote anayekuuzia kuchi (kuku mrefu wa kienyeji) wa siku moja kwa bei ya kuchi anauza matumaini. Nunua akiwa na miezi miwili na zaidi: shingo ndefu, mkao wa kusimama wima, upanga mdogo uliobana kichwani, miguu mirefu yenye nguvu. Ukiweza, waone wazazi.

Wa "siku moja" wenye mabawa

Kifaranga wa siku moja ana malaika, na kwenye ncha ya mdomo wa juu bado kuna kijino cheupe alichotobolea ganda. Hudondoka ndani ya siku chache. Ukiona manyoya ya bawa yamefikia mkia, umri ni wiki moja au zaidi. Mara nyingi ni mabaki ya shehena iliyopita yaliyochanganywa na mpya. Hapo nahofia ratiba ya chanjo kuliko mbegu, maana ukihesabu siku ya saba ya chanjo ya mdondo (Newcastle) na siku ya 14 ya chanjo ya Gumboro kuanzia siku uliyonunua, umeshachelewa.

Na wakianza kupooza mguu mmoja mbele mmoja nyuma, wakiwa na wiki nane au kumi na zaidi, fikiria ugonjwa wa Mareksi. Chanjo yake hutolewa kiwandani siku ya kuanguliwa, na wa mashine za uani huwa hawaipati. Chukua mzoga mbichi upeleke Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, Temeke, badala ya kuchoma sindano ya kubahatisha.

Mchanganyiko hutokea wapi

Kwa uzoefu wa maduka ya Dar, sehemu kubwa hutokea mikononi mwa wakala. Siku ya kupokea, maboksi ya viwanda viwili vitatu yanapangwa chumba kimoja, wateja wa 30 na wa 50 wanahesabiwa kutoka maboksi tofauti, wanaobaki jioni wanawekwa pamoja. Halafu kuna suala la boksi lenyewe. Boksi la kiwanda maarufu hutunzwa na kutumika tena, kwa hiyo jina lililochapwa ubavuni linathibitisha tu kwamba boksi liliwahi kuwa la kiwanda hicho. Boksi kuukuu huonekana: limelegea, lina madoa ya kinyesi kikavu, kamba si ya kwanza. Likatae hata kama vifaranga ni halali, kwa sababu hubeba magonjwa.

Wapo pia wa magendo, wasio na jina wala kiwanda. Uingizaji wa vifaranga ulizuiwa baada ya hofu ya mafua ya ndege ya mwaka 2006, na mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya viliteketezwa Namanga. Anayevusha mzigo wa hatari namna hiyo hajali kukuambia ni mbegu gani.

Kurudi dukani

Nenda na risiti. Tatizo la risiti nyingi za EFD (mashine ya kodi) ni kwamba zimeandika "vifaranga 100" basi, na kwa maandishi hayo hata bata angekidhi. Siku ya kununua mwombe kwa upole: "Dada, niandikie hapo nyuma mbegu, kiwanda na tarehe ya kuanguliwa, uweke na muhuri." Muuzaji mwaminifu huandika. Anayeanza kusema "mama, wewe niamini tu" amekujibu.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, kwa hiyo maandishi ya nyuma ya risiti ni silaha. Ongeza picha za siku ya kwanza, kipimo cha siku ya saba, na maoni ya afisa mifugo wa kata yako. Ukienda na hayo ndani ya wiki mbili, maduka mengi yatakubali kufidia au kukupunguzia shehena inayofuata, hasa ukimpa muuzaji nafasi ya kuongea na wewe pembeni na si mbele ya wateja. Akikataa, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Ukienda mwezi wa tatu ukiwa na kuku wa kilo moja na maneno matupu, hakuna atakayekusikiliza, na sijui kama ningemlaumu.

Na hawa waliopo bandani?

Madume ya mayai uliyodhani ni broila usiendelee kuyapa stata na finisha, vyakula vya kuanzia na kumalizia vya broila. Yanakula gharama yasiyoweza kuirudisha. Yahamishie chakula cha kukuzia, ongeza majani na mabaki salama, uyape nafasi ya kutembea. Hufika kilo moja kwenye wiki ya tisa au kumi. Wauza chipsi hawatayataka kwa kuwa kifua ni chembamba, lakini soko la Shekilango na kwa mama lishe wa mtaani jogoo mwenye mfupa mgumu na mchuzi mzito ana mteja. Yapange yaive wiki mbili kabla ya Idi au Krismasi. Ukiulizwa ni kuku gani, sema ni majogoo ya mayai. Bei itapungua kidogo na mteja atarudi.

Chotara wa kizazi cha pili chagua mapema. Majogoo yote uza nyama. Majike yenye umbo zuri baki nayo kwa mayai ya kula, yale yanayotamia yawekee mayai ya kienyeji au ya bata. Usitotoleshe mayai yao wenyewe ukawauzia majirani kama Kuroiler, maana ndiko ulikotokea mzigo uliokuletea hasara.